Kupima Mto Morogoro kwa wadudu wa chini ya mawe

Mto wetu unashuka kutoka Uluguru, unapita katikati ya mji wa Morogoro, unaingia Mto Ngerengere, kisha maji yanafika Mto Ruvu ambako Dar es Salaam inachota. Nafundisha baiolojia, na wanafunzi wangu wanaupima kwa wadudu. Kipimo cha kemikali kinaeleza maji ya saa ile tu. Mdudu aliyekulia chini ya jiwe amepitia kila kilichomwagwa kwa wiki nyingi.

Tunatumia miniSASS, mbinu iliyotoka Afrika Kusini inayompa kila kundi la wadudu alama: anayehitaji maji safi zaidi hupata kubwa zaidi. Vaa buti za mpira na glavu, kwa sababu kichocho kipo. Beba beseni jeupe, kijiko, lenzi ya mkono na wavu wa matundu madogo. Chandarua kikuukuu kilichoshonewa kwenye waya kinafaa. Usiende mara baada ya mvua kubwa, kwani mafuriko huwasomba wadudu.

Tafuta penye mawe na maji ya kasi. Shika wavu upande maji yanakoelekea, vuruga mawe kwa miguu mbele yake, mengine yasugue kwa mikono. Pitisha wavu na kwenye majani ya ukingoni. Dakika tano zinatosha. Mimina kwenye beseni lenye maji, subiri tope litulie.

Sasa tulia uangalie, maana hapa ndipo wengi hukosea. Mwenye mikia miwili na kucha mbili kila mguu, asiye na matamvua (viungo vya kupumulia majini) ubavuni mwa tumbo, ana alama 17. Huyo anataka maji safi yenye oksijeni nyingi; ukimpata, furahi. Mwenye matamvua ubavuni mwa tumbo, kwa kawaida na mikia mitatu, ana 11, ila yule mwembamba anayechomoka kama kisamaki ana 5. Mwembamba mwenye vijani vitatu mkiani lakini tumbo halina matamvua ni ndugu wa kerengende: 4 tu. Kerengende mnene, 6. Kaa au kamba, 6. Anayefanana na kiwavi, mara nyingi ndani ya kijumba cha mchanga au vijiti, 9. Mende na kunguni wa maji, 5. Konokono 4, minyoo bapa 3. Ruba, minyoo ya kawaida na funza wa jamii ya nzi na mbu, 2.

Kila kundi lihesabiwe mara moja, hata wakiwa mia. Jumlisha alama, gawanya kwa idadi ya makundi upate wastani. Mfano, kaa (6), mwenye matamvua ubavuni (11), mwenye kijumba (9), kerengende mnene (6) na minyoo ya kawaida (2): 34 gawanya kwa 5 ni 6.8. Warudishe mtoni wakiwa hai.

Namba moja peke yake siiamini. Pima juu ya mji na chini ya mji siku hiyohiyo, pote penye mawe. Wastani ukishuka, tembea ukingoni kati ya vituo hivyo, andika kila mfereji unaoingia, kisha peleka karatasi hiyo ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu inayosimamia maji ya mito hii, iko hapahapa mjini.