Mteja Akiingia na Mbwa: Kwa Ndugu Zangu Mnaofanya Kazi Migahawani Texas

Vijana wetu wapya hapa Houston wakinipigia simu, swali ni lile lile: "Dada, mteja kaingia na mbwa. Nimzuie au nimkaribishe?" Mimi ni mtu wa Tanga, na kazi yangu ni kusimamia ukumbi wa mgahawa. Ugomvi huu naujua vizuri. Mmoja anasema mbwa wake ni wa huduma, meza ya pili inapiga kelele kwamba hapa ni mahali pa kula, na mhudumu kasimama katikati na sahani mikononi. Naandika mara moja, mpelekeane.

Tuanze na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, ile inayoitwa ADA. Kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 2011 zinasema mnyama wa huduma ni mbwa aliyefundishwa kazi maalumu inayohusiana na ulemavu wa mwenyewe: kumwongoza asiyeona, kumtahadharisha asiyesikia, kuvuta kiti cha magurudumu, kumlinda mwenye kifafa. Farasi wadogo wana kifungu chao, ila utakayemkuta mlangoni ni mbwa. Paka na kasuku hawamo. Mbwa ambaye kazi yake ni kumliwaza tu mwenyewe naye hayumo, na hata mashirika ya ndege hayalazimiki tena kumpokea kama mbwa wa huduma tangu Januari 2021.

Ukimtazama mbwa usijue ni wa aina gani, una ruhusa ya maswali mawili. Je, huyu ni mbwa wa huduma unayemhitaji kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kufanya kazi gani? Ukomee hapo. Usimuulize mtu anaumwa nini, usidai cheti, usitake mbwa aoneshe ujuzi wake. Serikali haina daftari la kusajili mbwa hawa, na vile vyeti na vizibao vinauzwa mtandaoni kwa yeyote mwenye kadi ya benki. Mbwa mwenye kizibao anaweza kuwa wa kufugwa tu, na asiyekuwa nacho akawa ndiye anayemweka mwenyewe hai.

Jibu la swali la pili lisikilize vizuri. "Ananifariji" peke yake haitoshi. Lakini mtu akikwambia mbwa wake amefundishwa kugundua hofu inapompanda na kumkatiza kabla hajazidiwa, hiyo ni kazi halali, nawe mkalishe.

Uliza kwa sauti ya chini, pembeni. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mama mmoja mtu mzima alikuja na mbwa mdogo, hana kizibao, na mhudumu akamhoji kwa sauti mlangoni mpaka foleni nzima ikageuka. Mama wa watu akaeleza habari za sukari yake mbele ya wageni, sauti inamtetemeka. Katikati ya chakula nikamwona yule mbwa anatoka chini ya meza, anamkwaruza goti, ananyamaza, anamkwaruza tena. Mama akaweka uma chini, akatoa kifaa kwenye mkoba, akajichoma kidole, akaomba maji ya machungwa. Mkono uliopokea glasi ulikuwa umelowa jasho. Mtu kama huyo hastahili kusimamishwa mlangoni kama mwizi, na ndiyo maana silinyamazii jambo hili.

Mteja mwingine akilalamika kwamba anaogopa mbwa au manyoya yanampigisha chafya, mhurumie kwa dhati, kisha mpe yeye meza ya mbali. Sheria haihesabu woga wala mzio kuwa sababu ya kumkatalia mwenye mbwa, na huruhusiwi kumtenga pembeni.

Unaloruhusiwa kupima ni tabia. Mbwa akibweka bila kukoma, akiwarukia watu, na mwenyewe hamtulizi, au akijisaidia sakafuni, mwombe amtoe, hata kama ni wa huduma kweli. Anatoka mbwa tu. Mwenyewe mpe nafasi ya kuhudumiwa bila mbwa, ikiwa ni kula hapo au kufungiwa chakula. Mbwa akae chini. Kiti na chakula cha mezani ni vya watu. Ada ya mbwa hakuna.

Sasa sisi Waislamu wa pwani. Kwa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, unaosha mara saba, moja kwa udongo, na najua wengine mnaacha meza kwa sababu hiyo. Mbwa mkavu akikupitia kwenye nguo kavu, najisi haihami. Wala hulazimiki kumshika, kumpa maji au kumshikia kamba; sheria haimpi mfanyakazi kazi hiyo. Kama bado moyo ni mzito, mwambie meneja kabla ya zamu mpangiane na mwenzako. Mbele ya mteja usiseme neno, maana kumkatalia kwa sababu ya imani yetu ni kuvunja sheria.

Wadanganyifu wapo. Texas, tangu Septemba 2023, anayemsingizia mbwa wake kuwa wa huduma anaweza kutozwa faini hadi dola 1,000 na kupewa saa 30 za kazi za jamii. Kumshtaki si kazi yako. Ukiona mashaka, mwite meneja. Na kama mgahawa una baraza la nje, tangu 2019 sheria ya jimbo inaruhusu wenye mgahawa kupokea humo mbwa wa kawaida, mradi kuna kibao mlangoni, mbwa amefungwa kamba na hapitii ndani. Nimeona hasira nyingi zikipoa kwa "karibu ukae nje na mbwa wako."

Meneja akikuamrisha kumfukuza asiyeona na mbwa wake, mwombe apige kwanza simu ya Wizara ya Sheria, 800-514-0301. Hata wewe unaweza kupiga, na mazungumzo ni ya siri.