Kabla hujawagawia wanafunzi karatasi za maoni katikati ya semista

Mwalimu mwenzangu wa chuo, kama wiki hii umepanga kuwauliza wanafunzi kozi inaendaje, subiri kwanza. Nafundisha hapa Dar mwaka wa tisa sasa na kuna binti nilimuumiza kwa karatasi hizo hizo, nitafika huko.

Muda ni wiki ya 5 au ya 6. Semista ni wiki kama 15, ukichelewa hakuna utakachorekebisha, na ile fomu ya mwisho wa semista inawasaidia wa mwakani sio hawa waliokaa mbele yako. Usifanye siku unayorudisha test, utapewa maoni ya maksi.

Fanya mwanzo wa kipindi, dakika 10 zinatosha. Ukingoja mwisho, kipindi cha jioni, mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto anawaza gari, ataandika "iko poa" akimbie.

Maswali matatu tu: nini kinakusaidia kuelewa, nini kinakukwamisha, tubadilishe nini kuanzia wiki ijayo. Usiulize usichoweza kubadili. Na waambie wazi kabisa waandike Kiswahili wakitaka, maana mtu akilazimika kulalamika kwa Kiingereza cha kutafuta anaishia kukusifia.

Ukitumia fomu ya Google, zima sehemu ya kukusanya email, alafu ifungue kwenye simu ya mtu mwingine uhakikishe. Ila bando sio kila mtu analo, karatasi bado ni nzuri.

Sasa sikiliza hili. Jina hatuweki, hilo kila mtu anajua. Mimi niliweka programu, yaani shahada mtu anayosomea, na jinsia, nikaona ni vitu vya kawaida tu vya kujaza juu ya karatasi. Darasa lilikuwa la watu 84 kutoka programu nne, na programu moja ilikuwa na wasichana wawili tu, na siku hiyo mmoja hakuja. Aliyekuja akaandika nusu ukurasa kwa peni ya bluu, kwamba kwenye semina mwalimu msaidizi anacheka mtu akikosea Kiingereza na ndio maana yeye ameacha kuongea. Kaandika kwa heshima kabisa. Mimi nikachukua bunda zima nikampa yule msaidizi, nikamwambia pitia tuone pa kurekebisha. Semina iliyofuata akamsimamisha yule binti, akamuuliza maswali matatu mfululizo, alafu mbele ya wenzake akamwambia "leo sijacheka, umefurahi?"

Binti akaacha kuja semina. Nilijua baada ya wiki tatu, CR, yaani kiongozi wa darasa, alipokuja ofisini akafunga mlango ndio akaanza kuongea. Nilimuita binti nikamuomba msamaha, akajibu "haina shida mwalimu" macho yakiwa chini, na mpaka tunaingia UE, mitihani ya mwisho wa semista, hakuniuliza swali hata moja.

Kwa hiyo hesabu kwanza. Swali lolote la utambulisho, angalia kundi dogo kabisa litabaki na watu wangapi, likiwa chini ya kumi futa swali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023, na karatasi inayomtambulisha mtu inamtambulisha tu hata kama haina jina. Siku ya kujaza wewe toka nje, karatasi ziingie kwenye bahasha, hata CR asizisome. Wasaidizi wape muhtasari uliouandika kwa maneno yako, zenyewe fungia kabatini.

Kipindi kinachofuata rudisha majibu: hili nabadilisha leo, hili haliwezekani kwa sababu ratiba ni ya idara. Usipofanya hivyo mara nyingine watakupa karatasi tupu.

Mengine ni uangalifu tu. Usipige picha ukatupia kwenye grupu la walimu, usikisie mwandiko, usianze kipindi na "kuna mtu ameandika". Na ukikuta mtu ameandika mambo ya rushwa ya ngono usiyachunguze mwenyewe wala usimuite anayetajwa mkayamalize kirafiki, rushwa ya ngono ni kosa la jinai tangu sheria ya TAKUKURU ya 2007, kifungu cha 25. Lipeleke dawati la jinsia la chuo siku hiyo hiyo.