Anza na kisiki
Ukiwapeleka wanafunzi msituni, hotuba iache. Tafuta kisiki kilichokatwa karibuni, wahesabu pete, yaani miduara ya ukuaji ambayo kwa kawaida ni moja kwa mwaka, kutoka katikati hadi kwenye gome. Pete pana ni dalili ya ukuaji mzuri. Nyembamba huenda ni ukame, au mti ulibanwa na jirani zake. (Pasipo na majira yanayotofautiana sana, pete hazilingani na miaka. Waambie mapema, maana watabishana.) Halafu kila kundi lizungushie kamba mti uliosimama, mita 1.3 kutoka ardhini, lipime urefu wa kamba na kuugawa kwa 3.14 kupata kipenyo. Ziara ya kiwanda cha mbao ifuate baadaye. Aliyekwisha kupima shina ndiye atakayeuliza kwa nini gogo zima limeacha rundo lile la mabanzi na vumbi.