Kumwandalia tarantula makao: udongo kwanza, kasha baadaye

Watu wengi wanaotaka kufuga tarantula huanza kwa kununua kasha zuri la kioo, kisha hutafuta udongo wa kulijaza, na mwisho kabisa ndipo huuliza buibui wao huishi vipi porini. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume, kwa kuwa tabia ya buibui ndiyo inayoamua kina cha udongo, na kina cha udongo ndicho kinachoamua umbo la kasha.

Hatua ya 1: Jua buibui wako huishi wapi

Kwa mahitaji ya mfugaji, tarantula wako wa aina tatu. Wapo wanaoishi juu ya ardhi na kujificha chini ya magogo au katika mashimo mafupi, kama Brachypelma hamorii wa Meksiko na Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati. Wapo wachimbaji, kama wale wa jenasi Cyriopagopus wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambao hupitisha karibu maisha yao yote ndani ya shimo refu. Wapo pia wa mitini, kama Caribena versicolor wa kisiwa cha Martinique na Poecilotheria regalis wa India. Baadhi hawakai vizuri katika mgawanyo huu: Pterinochilus murinus, anayepatikana Afrika Mashariki na kusini mwa bara hili, akipewa kina atachimba, na akipewa kigogo atakizungushia utando mzito. Mimi humpa udongo wa kina bila kusita, kwa sababu ni mwepesi wa kukasirika na sumu yake huuma vikali, na buibui wa namna hiyo mwenye shimo hukimbilia ndani anaposhtuka, ilhali asiye na shimo hukimbilia mkononi mwako.

Muulize muuzaji jina la kisayansi, kwani majina ya biashara hubadilika kutoka duka hadi duka.

Hatua ya 2: Pima

Kipimo cha tarantula huchukuliwa kutoka ncha ya mguu wa mbele wa upande mmoja hadi ncha ya mguu wa nyuma wa upande wa pili. Subiri buibui atulie ukutani mwa chombo chake, kisha weka rula kwa nje. Hakuna haja ya kumshika.

Tuseme kipimo ni sentimita 12. Akiwa ni wa ardhini, sakafu ya sentimita 36 kwa 24 inamtosha, na nafasi kati ya uso wa udongo na mfuniko isizidi mara moja na nusu ya kipimo chake, yaani sentimita 18. Mchimbaji wa ukubwa huohuo anahitaji udongo wenye kina cha sentimita 24 au zaidi, na nafasi ya juu iwe ndogo. Wa mitini ndiye pekee anayehitaji kasha refu kwenda juu, kama sentimita 36, na udongo wa sentimita 5 hadi 8 unamtosha.

Kikomo cha nafasi ya juu kisipuuzwe. Tarantula wa ardhini hupanda kuta hata kama hana kipaji cha kupanda, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba akianguka kwenye jiwe au ukingo wa bakuli inaweza kupasuka, akavuja maji ya mwilini na kufa. Ukiwa tayari una kasha refu mno, usilitupe: ongeza udongo.

Hatua ya 3: Chagua udongo

Vumbi la makumbi ya nazi, linalouzwa likiwa limeshindiliwa kama tofali, ni jepesi, ni safi na hunyonya maji vizuri. Udhaifu wake hujitokeza linapokauka, kwani hulegea na kuwa kama unga, na shimo lililochimbwa humo hubomoka. Lioshe kabla ya kulitumia, kwa sababu makumbi mara nyingi hubaki na chumvi.

Udongo wa juu wa kawaida, usio na mbolea wala dawa ya wadudu, hushikamana vizuri zaidi. Mchanganyiko ninaoupendelea ni sehemu mbili za udongo huo kwa sehemu moja ya makumbi. Kwa wachimbaji huongeza konzi moja au mbili za mfinyanzi uliosagwa, na kwa wanaotaka unyevu huongeza vamikulaiti kidogo (punje nyepesi za madini), kwa kuwa huhifadhi maji.

Epuka udongo wa vyungu vya maua uliotiwa mbolea, na epuka mchanga mtupu na changarawe, ambavyo havishiki shimo na vina ncha zinazokwaruza. Maranda ya mierezi na misonobari ni hatari kwa sababu mafuta yake yenye harufu hudhuru wadudu na jamaa zao. Wako wanaochota udongo bustanini na kuuchoma katika oveni. Joto huua utitiri na mayai ya wadudu, lakini halikuhakikishii kwamba sumu iliyonyunyizwa hapo awali imekwisha. Kama hujui historia ya shamba, usichukue udongo wake.

Hatua ya 4: Lowesha na ushindilie

Chukua konzi ya mchanganyiko uliotiwa maji na uikamue. Ukifungua kiganja, udongo ubaki na alama za vidole vyako bila kumomonyoka, na pasitoke tone la maji katikati ya vidole. Ukichuruzika, utandaze upungue maji kwanza.

Uweke katika kasha kwa tabaka za sentimita 5 hivi, kila tabaka ukiishindilia kwa kitako cha chupa kabla ya kuongeza nyingine. Udongo usioshindiliwa ndio chanzo cha malalamiko mengi kwamba tarantula hataki kuchimba. Kisha toboa tundu la kuanzia kwa mshazari, kandokando ya ukuta, lenye upana wa kupitisha mwili wake. Mara nyingi ataliendeleza mwenyewe.

Kwa spishi za maeneo makavu, acha uso ukauke kabisa kabla ya kumwingiza. Kwa spishi za unyevu, mwaga maji taratibu katika kona moja ili yashuke hadi chini, uso ubaki na sehemu kavu. Kunyunyizia kasha zima kila siku huzaa ukungu na utitiri, na tabaka za chini hubaki kavu.

Hatua ya 5: Sasa chagua kasha na mfuniko

Kioo ni kizito na hudumu. Akriliki ni nyepesi lakini hupinda kwa unyevu. Sanduku la plastiki angavu la kuhifadhia chakula linafaa kabisa, japo halivutii macho. Wa ardhini na wachimbaji wafunguliwe kwa juu. Wa mitini wapewe mlango wa ubavuni, kwa sababu hujenga kiota karibu na mfuniko, na kila ukiuinua utakuwa unararua nyumba yao.

Usitumie mfuniko wa wavu wa chuma. Kucha za miguu hunasa humo na buibui huning'inia hadi kuumia, na wengine huutafuna wavu hadi ukatoboka. Toboa matundu kwa keekee katika kuta mbili zinazotazamana, upande mmoja chini kidogo na mwingine juu, ili hewa ipite. Makali yatakayobaki yapigwe msasa. Tundu au mwanya wowote unaopitisha gamba la kifuani mwa buibui unampitisha buibui mzima, kwa kuwa tumbo hujibana. Kwa wachanga, matundu ya milimita 1 yanatosha. Mfuniko uwe na kufuli au kibanio.

Hatua ya 6: Vitu vya ndani na joto

Weka gome la mti lililofukiwa nusu, au lililosimamishwa wima kwa wa mitini, pamoja na bakuli pana la maji lisilo na sifongo. Jiwe zito likae juu ya sakafu ya kasha kabla ya udongo kuwekwa, ili buibui akichimba chini yake lisimwangukie. Taa ya joto humkausha, na mkeka wa joto chini ya kasha ni mbaya zaidi, kwa sababu mchimbaji akihisi joto hushuka chini, mahali ambapo joto ni kali zaidi. Joto la chumba la nyuzi 20 hadi 27 za Selsiasi linawafaa wengi wao.

Baada ya kumhamisha, usimlishe hadi atulie. Akishinda ukutani kwa siku kadhaa, kagua kama udongo ni majimaji mno. Asipoondoka penye matundu ya hewa, ongeza matundu. Akikaa juu ya bakuli la maji, huenda kasha ni kavu mno. Akiziba mlango wa shimo kwa udongo au utando, huenda anajiandaa kujivua gamba: toa nyenje wa chakula waliobaki, jaza bakuli maji, wala usifukue.