Kukimbia kwa spidi ya mchakamchaka: mwongozo kwa wenye pumzi fupi

Siku yangu ya kwanza kukimbia nilikuwa na kilo 94 na presha imeanza kuchungulia, daktari kaniambia we fanya mazoezi tu, basi nikanunua raba na kesho yake alfajiri nikatoka nduki kama nakimbizwa na mbwa. Mita 300 hazijaisha nimeshika magoti pembeni ya barabara, bodaboda anasimama ananiuliza mzee nikuwahishe hospitali? Nilikaa miezi minne zile raba sijazigusa. Nikajiambia mi sina pumzi, kumbe pumzi haikuwa na kosa, kosa lilikuwa spidi.

Waliosoma shule za msingi huku Tanzania si mnakumbuka mchakamchaka? Kiranja anaanzisha, nyie nyuma mnaitikia, mnazunguka mtaa mzima na hakuna anayezimia. Kilichokuwa kinatusaidia ni ule wimbo, kwa sababu huwezi kuimba ukiwa mbio, kwa hiyo wimbo wenyewe ndo ulikuwa breki. Nachofundisha hapa chote kimekaa humo.

Hatua ya kwanza, kabla hujatoka nje, pima presha na sukari, hasa kama umevuka miaka 40 au nyumbani kwenu yapo hayo magonjwa. Afu asubuhi kabla hujanyanyuka kitandani weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, upande wa kidole gumba, hesabu mapigo sekunde 15, zidisha kwa 4, andika. Mi nilianza na 84, baada ya miezi kama sita nikawa naipata kati ya 64 na 68. Moyo ni msuli, ukizoeshwa unasukuma damu nyingi kwa pigo moja so hauhitaji kupiga mara nyingi. Hiyo namba itakupa moyo zaidi ya mizani, maana mizani wiki za mwanzo inaweza isisogee kabisa.

Hatua ya pili ni raba. Za mtumba hazina shida, tatizo watu wanaangalia rangi. Bonyeza soli kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama mbao achana nayo hata kama juu inang'aa, lile povu la ndani limeshakufa na magoti yako ndo yatalipa. Chukua yenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, mguu unavimba kidogo ukikimbia. Kina dada sidiria ya mazoezi inayobana vizuri ni muhimu kama raba yenyewe.

Muda: kwa Dar hii mi natoka saa 11 na nusu alfajiri, jua likishawaka na lile joto la unyevu jasho halikauki, mwili haupoi, moyo unapiga juu bure. Giza likiwepo vaa nguo nyeupe, na kama hamna njia ya waenda kwa miguu kimbia upande wa kulia ili magari uyaone yanakuja, usiyape mgongo.

Sasa ratiba yenyewe. Siku tatu kwa wiki, mi natumia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kila siku anza na dakika 5 za kutembea haraka haraka na umalizie na 5 za kutembea, hapo katikati ndo kazi. Wiki ya 1 na ya 2, kimbia dakika 1 tembea 2, rudia mara 8. Wiki ya 3 na 4, kimbia 2 tembea 2, mara 6. Wiki ya 5 na 6, kimbia 4 tembea 2, mara 5. Ya 7 na 8, kimbia 8 tembea 2, mara 3. Kuanzia ya 9 jaribu dakika 20 bila kusimama, uwe unaongeza kidogo kidogo mpaka 30. Wiki ikikushinda irudie, mi ya 5 niliirudia mara tatu na hamna aliyenidai. Siku zilizobaki tembea. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 za makali, na kutembea haraka kunahesabiwa.

Na kila unapokimbia jipime: itikia mstari mmoja wa wimbo, au ongea sentensi nzima kwa sauti. Ikikatika katikati umezidisha, punguza, hata ukipitwa na bibi anayeenda sokoni. Nenda Iten kule Kenya wanakoishi mabingwa wa dunia, siku za mazoezi mepesi wanaanza taratibu mpaka mgeni anadhani wanatania.

Kuna wiki kama ya 4 hivi utajisikia simba, hapo ndo pa kuwa makini sana. Pumzi na moyo vinazoea mapema, mifupa na kano bado vinajivuta nyuma, sasa mtu anajiona anaweza anaongeza kilomita ghafla, ugoko unaanza kuuma. Ugoko ukiuma pumzika siku kadhaa, usikaze meno. Kichomi cha ubavuni ni kitu kingine, hicho mara nyingi ni kula karibu na muda wa mazoezi, tembea, vuta pumzi ndefu, kitaachia. Maumivu ya kifua au kizunguzungu simama hapo hapo, na uende hospitali.

Halafu hili la kujifunga nailoni tumboni na kuvaa koti zito ili mafuta yayeyuke, jamani. Jasho ni maji. Ukinywa maji lita moja kilo yako imerudi, ulichopata ni mwili kushindwa kujipoza tu, na kwa joto letu mtu anaweza kudondoka. Kitambi hakichomwi mahali kilipo, mwili unachukua mafuta unapotaka wenyewe.

Na supu. Klabu zetu za joging raha sana, mafilimbi, nyimbo, tisheti za rangi moja, ila mnamaliza mnakaa kwenye supu na chapati tatu. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 3 anatumia kalori kama 240, hiyo ni chapati moja ya mafuta tu. Kula, lakini ujue hesabu.

Masika ikipiga ruka kamba sebuleni, sekunde 30 ruka, 30 pumzika, dakika 15 zinatosha. Jirani wa chini mwombe radhi mapema.

Ukishafikisha dakika 30, jiandikishe mbio za kilomita 5, zile ambazo huku zote tunaziita marathoni japo marathoni yenyewe ni kilomita 42 na mita 195. Simama nyuma kabisa, ikipigwa filimbi wote wanatoka nduki, waache, kuanzia kilomita ya 2 utaanza kuwaokota mmoja mmoja wameshika magoti. Namba inabandikwa kifuani, na pini beba zako.