Somo: Kuuza jezi kuukuu, kadi na kumbukumbu za michezo kwenye masoko ya Nairobi

Jezi ya Arsenal iliyolala kwenye rundo la mitumba Gikomba huenda kwa mia mbili au mia tatu. Hiyohiyo, ikifuliwa, ikatundikwa na kufungiwa kikaratasi kinachotaja msimu wake na jinsi msimu huo ulivyojulikana, hufika elfu mbili. Somo hili ni la kazi iliyo kati ya bei hizo mbili. Maswali ya wanachama yako chini, kila moja likiwa na jina la mahali anapotoka muulizaji.

Hatua ya 1: Chagua mali kulingana na soko

Jezi za Ligi Kuu ya Uingereza za miaka ya 1990 hadi 2010 ndizo hutoka haraka, hasa kwa vijana wa soko la Toi na wanaovaa mitindo ya zamani. Vitu vya mbio za magari za Safari Rally (vibandiko, vitabu vya ratiba, vibao vya namba za magari) huuzwa polepole lakini faida yake ni nene. Vya klabu za nyumbani, yaani Gor Mahia na AFC Leopards, ni adimu kwa sababu wenye navyo hawaviachi, na mnunuzi wake ni mjuzi kuliko wewe. Medali za kumaliza mbio za marathoni zimejaa mjini. Ziweke kwenye bakuli moja, bei moja.

Kadi zitakulaza njaa ukizitegemea peke yake. Nyingi zinazofika hapa huja na mitumba ya vitu vya kuchezea, na ni Match Attax, kadi za wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, zilizoanza msimu wa 2007/08 na kuchapishwa kwa wingi mno. Zifunge ishirini ishirini kwa timu, uwauzie watoto. Tenga pembeni zile zenye mng'ao, za toleo maalumu na za 100 Club (daraja la kadi adimu), na pia kadi yoyote ya mchezaji kijana aliyekuja kuwa nyota baadaye. Stika za Panini za Kombe la Dunia zina thamani tu kama karatasi ya nyuma haijabanduliwa.

Hatua ya 2: Kununua

Fika Gikomba beli (marobota ya mitumba) zinapofunguliwa, alfajiri. Chaguo la kwanza, kamera, lina bei ya juu, lakini jezi nzuri haingoji saa nne. Jambo la maana kuliko kuwahi ni kuelewana na wauzaji wawili watatu wa beli za nguo za michezo wakuwekee. Waambie waziwazi unachotaka: kola za zamani, wadhamini ambao hawapo tena, majina ya wachezaji mgongoni.

Kagua kila jezi ukiielekeza kwenye mwanga. Doa la udongo hutoka. Tundu dogo kwenye mshono hushonwa. Ila achana na jezi ambayo chapa ya mdhamini imepasuka zaidi ya theluthi, ambayo kwapa limekuwa gumu na la njano, au ambayo kitambaa kimevutwa nyuzi kifuani kote. Na ikiwa lebo ya ndani imekatwa, lipa nusu ya ulichokusudia, kwa kuwa umepoteza ushahidi wako mkuu.

Medali na vikombe vilivyochongwa jina la mtu, usinunue kwa muuzaji usiyemjua. Mali ya namna hiyo mara nyingi imetoka nyumbani kwa mwenyewe bila yeye kujua. Ukinunua kwa familia, andika jina, namba ya simu na tarehe, kisha muuzaji atie sahihi.

Hatua ya 3: Pima umri na uhalali

Hapa ndipo wengi huanguka, na sababu ni kwamba hutazama nembo peke yake. Nembo ni rahisi kuiga. Kinachomshinda mwigaji ni kulinganisha mambo matatu kwa pamoja: mtengenezaji, mdhamini na mwaka.

Chukua Arsenal. Adidas iliwavisha hadi 1994, Nike kuanzia 1994 hadi 2014. Mdhamini alikuwa JVC hadi 1999, kisha Dreamcast kwenye jezi ya nyumbani na Sega kwenye ya ugenini hadi 2002, halafu O2 hadi 2006, ndipo Fly Emirates. Kwa hiyo jezi ya Adidas yenye O2 haijawahi kuwapo. Ya Dreamcast yenye HENRY 14 inawezekana, maana Henry alifika 1999. Manchester United walivaa Sharp hadi 2000, Vodafone hadi 2006. Liverpool walikuwa na Candy hadi 1992, kisha Carlsberg hadi 2010. Andika orodha hii kwenye daftari, timu moja ukurasa mmoja.

Jina mgongoni lina tarehe yake pia. Ligi Kuu ilianza majina na namba za kudumu msimu wa 1993/94. Jezi ya ligi ya 1990 yenye jina imeongezewa baadaye.

Sasa geuza ndani. Nike za tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina kilebo kidogo chenye namba ya tarakimu sita, kistari, kisha tarakimu tatu zinazotaja rangi. Za miaka ya karibuni huanza na herufi mbili na tarakimu nne. Adidas huandika namba ya bidhaa pamoja na mwezi na mwaka. Tafuta namba hiyo kwenye intaneti: ikileta picha ya jezi nyingine kabisa, ni bandia. Ukikuta namba moja kwenye jezi tano za timu tano tofauti, rundo lote limetoka kwenye mashine moja ya waigaji.

Kwa jezi za kabla ya namba hizo, soma maneno ya lebo. Iliyoandikwa kuwa imetengenezwa Ujerumani Magharibi haiwezi kuwa ya baada ya 1990. Na jezi ya "1988" yenye anwani ya tovuti kwenye lebo ni toleo lililotengenezwa upya. Toleo la upya lenye leseni ni halali kuliuza, mradi uliite hivyo. Bandia ni habari nyingine: Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inamhesabu muuzaji kuwa mkosaji, hata wa meza moja.

Vitu vya nyumbani navyo vina mitego yake:

Safari Rally ilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, ikawa East African Safari Rally kuanzia 1960, na kubaki Safari Rally tangu 1974. Kibandiko cha 1965, mwaka ambao Joginder Singh alishinda mara ya kwanza, kisichotaja Afrika Mashariki kitilie shaka. Ilitoka kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002 na kurudi 2021, hivyo vitu vyenye nembo ya mashindano ya dunia vya katikati hapo vitilie shaka.

AFC Leopards ilichukua jina hilo 1980. Kabla yake ni Abaluhya. Uwanja wa Kasarani ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, kwa hiyo tiketi ya mechi ya Kasarani ya 1984 ni hadithi. Tiketi ya fainali ya Gor Mahia na Espérance ya 1987, hiyo ndiyo inayoigwa sana. Tazama karatasi: ya kweli imezeeka kwenye kingo na mikunjo, ya bandia imepakwa chai sawasawa kote.

Kenya haikwenda Olimpiki ya Moscow 1980. Suti ya mazoezi ya timu ya Kenya yenye nembo ya Moscow iache hapohapo. Ya Montreal 1976 yaweza kuwa ya kweli, kwani Kenya ilijiondoa dakika za mwisho.

Kwa kadi na picha zenye sahihi, tumia lenzi ya kukuza, ile ya mafundi wa saa. Sahihi iliyochapishwa huonekana kama vidoti vilevile vya picha. Wino wa kalamu hupita juu ya vidoti, una mng'ao tofauti, na mistari inapokatana huwa mizito zaidi.

Hatua ya 4: Kusafisha na kutunza

Geuza jezi ndani nje, iloweke nusu saa kwenye lita kumi za maji baridi pamoja na nusu kikombe cha siki nyeupe ili harufu ya mitumba itoke, kisha ifue kwa mkono na sabuni ya unga kidogo. Jik hapana: hula rangi na kugeuza nyeupe kuwa njano. Usikamue kwa kusokota. Chapa za zamani hupasuka. Anika kivulini. Jua la Nairobi ni kali kwa sababu ya mwinuko wetu, na nyekundu ndiyo hupauka kwanza.

Jezi yenye sahihi haifuliwi. Iliyovaliwa mechini yenye tope haifuliwi pia, mpaka mnunuzi aseme mwenyewe.

Kadi ya kawaida ni milimita 64 kwa 89. Itie kwanza kwenye kifuko laini cha polipropilini, ndipo kwenye toploda (kifuko kigumu cha plastiki). Epuka vifuko vya PVC vyenye harufu kali: baada ya muda hutoa mafuta yanayogandana na wino. Msimu wa mvua, weka kwenye boksi vipakiti vya kukausha unyevu, vile vya viatu vipya.

Hatua ya 5: Kikaratasi na bei

Andika kwa kalamu, usitegemee maneno ya mdomo: timu, msimu, mtengenezaji, saizi, kasoro, na ushahidi ("namba ya lebo imehakikiwa"). Kasoro iandikwe hata kama ni ndogo. Mteja akiigundua mwenyewe atakukata mia tano. Akiisoma kwanza atakukata mia moja.

Mfano wa hesabu: jezi 250, usafiri 40, kufua na kushona 60, sehemu ya ada ya meza 50. Jumla 400. Tundika 1,200, bei yako ya chini kabisa iwe 800. Watu watapatana bei, hivyo acha nafasi, lakini ukitaja 3,000 kwa jezi ya 800 wataondoka bila hata kuuliza.

Hatua ya 6: Meza na malipo

Maasai Market huhama kwa siku, na Jumamosi huwa katikati ya jiji. Wageni wa pale hununua vitu vyepesi: vibandiko, beji, vitabu vya Safari. Jezi zipeleke Toi. Ulizia ada na nafasi wiki moja kabla. Tundika jezi kwa hanga zikionesha mgongo wenye jina, na vitu vidogo viweke chini ya kioo. Fungashia mteja kwa karatasi ya khaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Agosti 2017.

Pokea kwa till ya M-Pesa au Pochi la Biashara. Usisome ujumbe kwenye simu ya mteja, subiri wako uingie na uangalie salio. Mwenye kutuma kwa namba ya kawaida anaweza kupeleka ujumbe 456 kuomba pesa zirudishwe akishafika kona ya pili.

MASWALI YA WANACHAMA

Kayole: Mwalimu, nina Celtic ya Wanyama namba 67, lakini 7 inabanduka pembeni. Naweza kuirudisha?

Jibu: Ndiyo, kama gundi bado ipo. Weka karatasi ya kuokea juu, pasi ya moto wa kati bila mvuke, kandamiza sekunde kumi, inua, acha ipoe kabisa. Usiburute pasi, poliesta huyeyuka na kuacha alama inayong'aa. Kama upande wa gundi umekauka na kuwa unga, iache ilivyo na uiandike kwenye kikaratasi. Hakikisha pia ni Nike yenye Tennent's ikiwa unaiuza kama ya 2012/13, msimu alioifunga Barcelona.

Rongai: Nina elfu tano tu. Nianzie wapi?

Jibu: Jezi nane kwa takriban 2,200, hanga na karatasi 500, usafiri na ada ya siku mbili 1,300. Elfu moja inayobaki usiiguse, ni ya siku utakayokutana na kitu kizuri. Kadi usinunue bado.

Umoja: Mzee wangu ana picha ya timu ya zamani, imegandana na kioo cha fremu. Naitoaje?

Jibu: Usiitoe. Ukivuta, uso wa picha hubaki kwenye kioo. Iuze na kioo chake, au ipige picha safi kupitia kioo ukikiegemeza pembeni ili kioo kisirudishe mwanga. Na kabla ya kuuza, muulize mzee majina ya waliosimama, kushoto kwenda kulia, uyaandike kwenye karatasi ya pembeni. Picha yenye majina huuzwa mara mbili ya isiyo nayo.

Eastleigh: Jezi ina sahihi ya nyota mkubwa ila haina cheti. Nitoze ngapi?

Jibu: Bei ya jezi tupu, na uandike "sahihi haijathibitishwa". Cheti kilichochapishwa na muuzaji mwenyewe hakina uzito. Picha ya mchezaji akitia sahihi kwenye jezi hiyohiyo ina uzito zaidi.

Kibra: Kanjo (askari wa kaunti) wakifika kwenye meza?

Jibu: Ndani ya soko lenye mwandalizi, uliza mapema kama ada yake inajumuisha ya kaunti, na ubaki na risiti mfukoni. Ukipata duka au kibanda cha kudumu, chukua kibali cha biashara cha kaunti. Kutandika kando ya barabara na mali ya elfu thelathini ni kujitafutia hasara.

Ngara: Nimepata shati la kriketi la Kenya la Kombe la Dunia 2003. Jamaa ananipa 3,000 leoleo.

Jibu: Ngoja, ndugu. Mwaka huo Kenya ilifika nusu fainali na kupigwa na India mjini Durban, na mashati ya wachezaji wenyewe ni machache. Piga picha lebo, mishono ya nembo na jina la mgongoni. Muulize aliyekuuzia alilipata wapi, uandike jibu lake. Kisha waoneshe watu wa vilabu vya kriketi vya Parklands na Ngara. Wapo waliocheza au kusafiri na timu ile, nao watakwambia kama ni la mchezaji au la shabiki. Anayetoa 3,000 leo bila kuuliza lolote bila shaka atakuwa nayo hata Jumatatu.