Somo: Kumchukua mbwa mstaafu wa mbio akae nyumbani

Wakuu, leo tuzungumzie greihaundi, wale mbwa wembamba wanaokimbiza sungura bandia uwanjani. Wengi huacha mbio kabla ya kufika miaka 5, na umri wao huweza kupita 10. Kwa hiyo unayemchukua si mzee. Ni mbwa mzima ambaye hajawahi kuingia sebuleni.

Hapo ndipo watu wanapokosea. Huyu kalelewa bandani na wenzake. Gari la kusafiria, mzani na sanduku la kuanzia mbio anavijua vizuri. Ngazi, mlango wa kioo, tivii na upweke hajawahi kukutana navyo.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kupenda. Rangi usiijali. Muulize anayemtoa: mbele ya paka alikuwaje? Mbwa wadogo je? Aliacha mbio kwa kuumia au kwa kushindwa? Amehasiwa? Meno yake yakoje? (Mara nyingi mabaya.) Kisha funua masikio, utakuta namba zimechanjwa. Kwa mbwa wa Marekani, sikio la kulia lina mwezi wa kuzaliwa, tarakimu ya mwisho ya mwaka na herufi inayomtofautisha na ndugu zake: 58C ni wa Mei, mwaka unaoishia na 8. Umri hauwezi kudanganywa hapo.

Hatua ya 2: Vifaa. Shingo yake ni nene karibu sawa na kichwa, kwa hiyo kola ya kawaida huvuka masikio akirudi kinyumenyume, na mbwa ameshapotea. Nunua ile pana inayojikaza anapovuta. Ongeza godoro nene, kwani mifupa yake haina nyama ya kulalia, na koti la siku za baridi. Ngozi ni nyembamba na mafuta hana. Jua kali nalo halimfai.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza. Asiingie ndani kabla hajakojoa nje. Mzungushe nyumba nzima akiwa kwenye kamba, na kwenye milango ya kioo bandika karatasi usawa wa macho yake. Bandani alitolewa nje kwa ratiba, basi nawe mpe ratiba: akiamka, akila, kabla ya kulala, na kila baada ya saa chache.

Ngazi zinahitaji subira. Wa kwangu alisimama chini ya ngazi kama mtu aliyeambiwa apande mnazi. Tulimpandisha mguu mmoja mmoja, mtu mmoja mbele na mwingine nyuma, siku tatu. Siku ya nne akapanda mwenyewe, akagoma kushuka.

Chakula mbadilishie polepole, wiki nzima, la sivyo utafua mazulia.

Hatua ya 4: Mzoeze upweke. Maisha yake yote amelala akisikia wenzake wanapumua. Toka dakika 1, rudi. Kisha 5, kisha 15. Usimwage mapenzi siku tatu mfululizo halafu ukapotea kutwa nzima. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe lisubiri hata miezi mitatu.

Hatua ya 5: Kamba, kila siku. Anaweza kukaribia kilomita 70 kwa saa, na alifunzwa kufuata kinachokimbia. Akiona kitu kinatimka, jina lake halimfikii tena. Mfungue tu penye ua mrefu usio na tundu.

Hatua ya 6: Daktari. Mtafute anayeijua aina hii. Damu yao ina chembe nyekundu nyingi kuliko mbwa wengine na chembe sahani (zinazogandisha damu) chache, hivyo mzima anaweza kuonekana mgonjwa kwenye vipimo. Baadhi ya dawa za nusu kaputi, hasa thiopentali, hukaa mwilini mwao muda mrefu mno. Kuchechemea kusikoisha usikupuuze: inaweza kuwa sugu ya wayo, na inaweza kuwa saratani ya mfupa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nyumba yangu ni ndogo. Si atataka kukimbia kutwa?
Hapana. Ni mvivu wa kupindukia. Matembezi mawili ya nusu saa yanamtosha, muda uliobaki analala. Mgombanie kochi mapema.

Mwanangu alimkumbatia akiwa amelala, akanguruma. Nimrudishe?
Usimrudishe, dada. Bandani hakuna aliyemgusa usingizini, na wengine hulala macho wazi, kwa hiyo mtoto hakujua. Watoto wamwite jina kwanza, asimame, ndipo wamguse. Kitanda chake kiwe mahali wasipopita.

Nina paka wawili. Inawezekana?
Kwa baadhi, ndiyo. Wengine, kamwe. Mkutanishe akiwa amefungwa mdomo na kamba mkononi, wiki kadhaa. Akimkodolea paka macho bila kupepesa, mwili umekakamaa, acha. Na anayemvumilia paka wa ndani bado anaweza kumkimbiza paka huyohuyo uani.

Tukitembea anasimama ghafla kama nguzo, havutiki.
Kuna kilichomzidi. Usivute. Subiri, kisha mgeuze upande mwingine mwendelee.

Nimemfundisha kukaa, hataki.
Misuli ya mapaja inamsumbua. Mfundishe kulala chini.

Nikirudi jioni meno yake yanagongana. Ni baridi?
Ni furaha hiyo, mkuu. Subiri akuegemee mwili mzima, ushike ukuta.